Mary Ainsworth: Mada Iliyopatikana Sebuleni mwa Waganda

Waswahili husema kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii inajulikana na kila mzazi, lakini ni wachache waliowahi kuigeuza kuwa swali la utafiti: ni malezi yapi hasa, na mtazamaji atayatambuaje? Mwanafunzi wa malezi na elimu ya watoto wachanga atokaye Bukura, katika Kaunti ya Kakamega, anapotakiwa kuchagua mada ya insha yake ya utafiti, huenda akakimbilia maktabani kutafuta mada iliyokwisha kuandikwa na wengine, ilhali watoto anaotaka kuwaandikia wanatambaa uani kwao. Maisha ya Mary Ainsworth, mwanasaikolojia ambaye nadharia yake hufundishwa katika taaluma hiyo hiyo, yana funzo kwa mwanafunzi kama huyo. Mada iliyompa sifa ulimwenguni aliipata Afrika Mashariki, tena baada ya ile aliyokuja nayo kumponyoka.

Alizaliwa tarehe 1 Desemba 1913 huko Glendale, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, akaitwa Mary Salter. Alikuwa angali mtoto mdogo familia yake ilipohamia Toronto, Kanada. Katika Chuo Kikuu cha Toronto alisomea saikolojia, akapata shahada ya kwanza mwaka 1935, ya uzamili mwaka 1936 na ya uzamifu mwaka 1939. Mwalimu wake, William Blatz, alishikilia kwamba mtoto huhitaji kwanza kumtegemea mzazi bila hofu, ndipo apate ujasiri wa kutoka na kuujua ulimwengu. Wazo hilo lilimkaa Mary moyoni maisha yake yote. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia alijiunga na jeshi la wanawake la Kanada, akafikia cheo cha meja.

Mwaka 1950 aliolewa na Leonard Ainsworth, wakahamia London. Huko, kupitia tangazo la gazeti, alipata kazi katika kliniki ya Tavistock chini ya John Bowlby, aliyekuwa akichunguza madhara yanayompata mtoto anapotenganishwa na mama yake. Mwenzao James Robertson alikuwa na desturi ya kuketi karibu na watoto hospitalini na majumbani, akiwatazama na kuandika yale aliyoyaona. Mary aliupenda mtindo huo, akaazimia kuufuata siku ambayo angepata utafiti wake mwenyewe.

Siku hiyo ilifika mwaka 1954. Mumewe alipata nafasi katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki iliyokuwa Makerere, Kampala. Mary alimfuata bila kazi yoyote ya kumngojea. Mkurugenzi wa taasisi hiyo, mwanaanthropolojia Audrey Richards, alimsaidia kupata fedha za utafiti. Mada aliichagua kwa kuongozwa na yale aliyoyajua London. Alikuwa amesikia kwamba kwa desturi ya Waganda mtoto anayeachishwa ziwa hupelekwa kwa bibi yake ili alisahau titi la mama. Alitaka kuwatazama watoto kabla ya kutenganishwa hivyo na baada yake, apime uchungu wao.

Alipoingia vijijini, mambo yalikuwa mengine. Desturi ile ilikuwa imeachwa na familia nyingi, na watoto wengi waliachishwa ziwa wakiwa papo hapo nyumbani na mama zao. Mada iliyokuwa imepangwa vizuri ikabaki bila watoto wa kuchunguzwa. Mtafiti mwingine angeweza kuzunguka kutafuta wachache wa kuithibitisha dhana yake, au akafunga daftari na kurejea mjini. Mary Ainsworth aliyafuata yale aliyokuwa akiyaona. Kila alikoketi palikuwa na mtoto aliyemfuata mama yake kwa macho, aliyetambaa nyuma yake alipotoka, aliyelia kwa mgeni na kunyamaza kwa mama. Basi swali likabadilika: kifungo hiki hujengwaje, mwezi baada ya mwezi? Hicho ndicho kifungo ambacho katika makala haya kinaitwa mwambatano.

Utafiti ulihusu familia 26 zenye watoto 28 katika vijiji vilivyo karibu na Kampala. Kila baada ya majuma mawili aliitembelea kila familia kwa muda wa saa mbili hivi, na ziara hizo ziliendelea hadi miezi tisa. Alifuatana na Katie Kibuka, mkalimani na msaidizi wake. Walikaa sebuleni wakati wa alasiri, ambapo akina mama wa Kiganda hupokea wageni, wakazungumza huku watoto wakicheza. Baadaye aliwagawa watoto hao katika mafungu matatu: 16 walikuwa na mwambatano imara, 7 walikuwa na mwambatano wenye wasiwasi, na 5 hawakuwa wameonyesha mwambatano bado. Aligundua pia kwamba akina mama waliowaeleza watoto wao kwa kina, wakitaja mambo madogomadogo bila kuulizwa, ndio ambao kwa kawaida watoto wao walikuwa na mwambatano imara. Mama aliyemjua sana mwanawe ndiye aliyejua pia kumwitikia.

Baada ya Uganda, Mary alihamia Baltimore, Marekani, akafundisha katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Ndoa yake ilivunjika mwaka 1960. Mwaka 1963 alianza utafiti kama ule wa Uganda miongoni mwa familia 26 za Baltimore. Tofauti moja ilimshangaza: watoto wa Kiganda walikuwa wepesi wa kulia mama alipoondoka, lakini wale wa Baltimore, waliozoea mama kutoka na kuingia, hawakujali sana wakiwa nyumbani. Ndipo akabuni jaribio la kama dakika 20 katika chumba kigeni, ambamo mama hutoka na kurudi, na mtazamaji huangalia jinsi mtoto anavyompokea. Jaribio hilo ndilo lililoenea ulimwenguni, hata wengi wakasahau kwamba lilitokana na ulinganisho na vijiji vya Uganda. Kitabu chake kuhusu watoto wa Kiganda kilitoka mwaka 1967, zaidi ya miaka kumi baada ya ziara zile. Kile cha matokeo ya Baltimore, alichokiandika pamoja na wenzake, kilitoka mwaka 1978, akiwa tayari amehamia Chuo Kikuu cha Virginia. Alifariki tarehe 21 Machi 1999.

Hata hivyo, kazi yake haikumaliza maneno. Watoto 28 ni wachache, na jicho lake lilimtazama zaidi mama. Katika nyumba nyingi za Magharibi mwa Kenya mtoto hubebwa pia na dada yake, hulishwa na bibi, hubembelezwa na shangazi. Mtafiti Thomas Weisner aliyachunguza malezi ya aina hiyo miongoni mwa Abaluyia wa Kisa, si mbali na Bukura, na mwaka 1977 yeye na Ronald Gallimore walichapisha makala kuhusu watoto wanaowalea wadogo zao. Je, mtoto anayelelewa na wengi huambatana na nani, na jaribio la chumba kigeni linaweza kumpima kwa haki? Pakitumika kipimo kisichomfaa, mtoto aliyelelewa vyema anaweza kuandikwa kuwa ana kasoro, na bibi aliyemlea asihesabiwe kabisa.

Swali hilo lingali wazi, na majibu yake hayako mbali. Yako katika nyua za Bukura, kwa lugha ambayo mwanafunzi wa huko haihitaji mkalimani. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga. Mgeni alikwisha kuja, akaketi, akatazama, akakubali kurekebishwa na alichokiona. Zamu iliyobaki ni ya mwenyeji.