Maisha ya Branch Rickey, mtu aliyeshika ahadi

Katika nchi ya Marekani uko mchezo upendwao sana, uitwao besiboli. Timu mbili hushindana, na kila timu ina watu tisa uwanjani. Mmoja hutupa mpira mdogo mgumu kwa nguvu, na mshindani wake husimama na rungu la mti akijaribu kuupiga mbali. Akiisha kuupiga, hukimbia kutoka kituo hata kituo, mpaka amerudi mahali alipoanzia. Mchezo huo huchezwa tangu mwezi wa Aprili hata mwezi wa Oktoba. Baridi ikifika, viwanja hubaki vitupu, lakini wenye timu hawalali. Hiyo ndiyo miezi ya kununua wachezaji, kuwauza, kubadilishana na kuandika mapatano mapya. Mkulima mwenye akili hulitengeneza shamba kabla mvua haijanyesha. Vivyo hivyo timu nyingi hushinda au hushindwa kabla mpira wa kwanza haujatupwa.

Katika kazi hiyo ya miezi ya baridi walikuwa wachache waliomfikia Branch Rickey. Naye katika mwezi mmoja wa Oktoba aliandika mapatano yaliyofungua mlango uliokuwa umefungwa kwa watu weusi karibu miaka sitini.

MTOTO WA MKULIMA

Rickey alizaliwa tarehe 20 Desemba 1881 huko Stockdale, kijiji cha wakulima katika jimbo la Ohio. Wazazi wake, Frank na Emily, walikuwa Waprotestanti wa kanisa la Wametodisti. Walimpa mtoto wao jina la Wesley, kwa heshima ya John Wesley aliyeanzisha kanisa lile. Nyumbani mwao Biblia ilisomwa, sala ilisaliwa, na kileo hakikuingia. Fedha zilikuwa chache. Kijana alifundisha kwanza katika shule ya kijiji, akaweka akiba, kisha akaenda kusoma katika chuo kikuu cha Wametodisti katika mji wa Delaware, huko huko Ohio.

Alipoondoka nyumbani kwenda kucheza besiboli kwa mshahara, alimwahidi mama yake kwamba siku ya Bwana hatacheza. Ahadi ile ilipata kujaribiwa upesi. Mwaka 1904 aliitwa na timu ya Cincinnati, mojawapo ya timu kubwa. Kwa kijana maskini hiyo ilikuwa bahati adimu. Lakini Dominika ilipokaribia, akamwambia kiongozi wa timu kwamba hatakuwapo uwanjani. Kiongozi akakasirika, akamfukuza. Rickey akarudi bila kucheza hata mchezo mmoja wa kuhesabiwa katika timu ile. Hakuivunja ahadi yake. Baadaye timu nyingine zilimchukua hivyo hivyo, pamoja na Dominika zake.

Mchezaji hodari hakuwa. Kazi yake ilikuwa ya mdakaji, yule akaaye nyuma ya mwenye rungu na kuwazuia washindani wasiibe vituo. Siku moja ya mwaka 1907, bega lake likiwa na maumivu, washindani waliiba vituo 13 mbele yake. Hiyo ikawa aibu kubwa, na kwa muda mrefu watu waliikumbuka.

MACHOZI YA THOMAS

Alipokuwa bado katika chuo chake, Rickey alikuwa pia kiongozi wa timu ya wanafunzi. Mmoja wa wachezaji wake alikuwa kijana mweusi, Charles Thomas. Mara moja walisafiri mpaka mji wa South Bend, katika jimbo la Indiana. Mwenye hoteli akawapokea vijana wote weupe, akamkataa Thomas kwa sababu ya rangi yake. Rickey akasihi, akabishana, hata mwisho Thomas akaruhusiwa kulala katika kitanda kidogo ndani ya chumba cha kiongozi wake. Usiku Rickey akamkuta ameketi, analia, anaisugua mikono yake kana kwamba angeweza kuitoa ngozi yake, akitamani ingekuwa nyeupe.

Thomas alijifunza akawa mganga wa meno, na urafiki wao ukadumu. Lakini Rickey hakuweza kuyasahau machozi yale. Aliyasimulia mara nyingi katika maisha yake. Hata hivyo ilipita miaka zaidi ya arobaini kabla hajatenda neno kubwa kwa ajili yake.

KAZI YA MIEZI YA BARIDI

Rickey alimwoa Jane Moulton mwaka 1906, wakazaa watoto sita. Akaugua kifua kikuu, akatibiwa katika milima ya New York, akapona. Akajifunza sheria katika chuo kikuu cha Michigan. Kisha akarudi katika besiboli, si kwa kucheza tena, bali kwa kuongoza.

Tangu mwaka 1917 aliitumikia timu ya Cardinals katika mji wa St. Louis. Timu ile ilikuwa maskini. Kila alipoona kijana mwema, timu za matajiri zilimnunua mbele yake. Ndipo akafikiri kama mtoto wa mkulima. Asiyeweza kununua mavuno sokoni, na apande mwenyewe. Akajipatia timu ndogo katika miji midogo, akaweka humo vijana wengi, wakafundishwa mwaka hata mwaka, na waliokomaa wakapandishwa. Kwa njia hiyo Cardinals walipata ubingwa wa nchi nzima mwaka 1926, 1931, 1934 na 1942. Timu nyingine zikamwiga, na hata leo timu zote kubwa zafanya hivyo.

Yeye alikuwa akitengeneza mapatano kwa ujanja mwingi. Alipenda kumwuza mchezaji mwaka mmoja kabla nguvu zake hazijapungua, kuliko mwaka mmoja baada yake. Wengi walimlalamikia kwamba mkono wake ulikuwa mzito katika kulipa mishahara. Wengine walimcheka kwa sababu hakuingia uwanjani siku ya Dominika, lakini timu yake ilicheza siku ile, na faida yake hakuikataa. Mwaka 1938 mwamuzi mkuu wa besiboli aliwafungua vijana zaidi ya 70 waliokuwa wamefungwa na mapatano katika timu zake ndogo, kwa sababu kanuni hazikushikwa. Haifai kuyaficha mambo hayo. Rickey hakuwa mtakatifu. Alikuwa mfanyi biashara aliyeamini Mungu, na mara nyingine mambo hayo mawili yalipigana ndani yake.

MLANGO ULIOFUNGWA

Mwisho wa mwaka 1942 akaenda Brooklyn, mtaa mkubwa wa New York, kuiongoza timu ya Dodgers. Wakati huo hakuna hata mtu mweusi mmoja katika timu kubwa. Sheria iliyoandikwa haikuwapo. Wenye timu walipatana tu kimya kimya, tangu karibu na mwaka 1884, wasimwandike mtu mweusi. Watu weusi walikuwa na timu zao wenyewe, na humo walikuwamo wachezaji walioshinda wengi wa weupe kwa ustadi.

Rickey alitaka kushinda, wala hakulificha jambo hilo. Lakini alitaka pia kulipa deni lake kwa Thomas. Akawatuma watu wake kutafuta, akawaambia wenzake kwamba anataka kuunda timu mpya ya watu weusi, ili siri yake isijulikane. Husimuliwa kwamba siku moja aliingia katika ofisi ya mchungaji mmoja wa Brooklyn, akatembea huku na huku karibu saa nzima bila kunena, mpaka moyo wake ukatulia. Ndipo akamweleza mchungaji kwamba amekata shauri.

Mtu aliyechaguliwa aliitwa Jackie Robinson. Alizaliwa mwaka 1919 katika jimbo la Georgia, mjukuu wa mtumwa, akalelewa California na mama aliyeshika imani ya Wametodisti. Alikuwa ofisa wa jeshi. Mwaka 1944 alikataa kuhamia nyuma ya gari kwa sababu ya rangi yake, akashtakiwa mbele ya mahakama ya jeshi, akaonekana hana hatia. Hakuwa mtu wa kuogopa.

Tarehe 28 Agosti 1945 Robinson aliingia ofisini mwa Rickey, wakakaa karibu saa tatu. Rickey alimwonyesha yote yatakayompata. Akajifanya mwenye hoteli anayemfukuza, mchezaji anayemtukana, mtazamaji anayemtemea maneno machafu. Kisha akamweleza kwamba hatafuti mtu asiye na ujasiri wa kupigana, bali mwenye ujasiri wa kutorudisha pigo. Akamsomesha sehemu ya kitabu juu ya maisha ya Kristu, ile inayoeleza agizo la Bwana la kumgeuzia shavu la pili anayekupiga. Kitabu hicho kilitungwa na Giovanni Papini, Mwitalia aliyekuwa zamani bila dini, kisha akaingia katika Kanisa Katolika. Hivyo Mmetodisti mweupe alimpa Mmetodisti mweusi maneno ya Mkatoliki, na wote watatu walikutana katika neno moja la Injili. Robinson akafikiri, akakubali.

Tarehe 23 Oktoba 1945, michezo ya mwaka ikiwa imekwisha, mapatano yalitangazwa huko Montreal, katika Kanada, kwenye timu ndogo ya Dodgers. Robinson alipata dola 3,500 za kutia sahihi, na dola 600 kila mwezi.

MATUNDA

Mwaka 1946 Robinson alicheza Montreal, na timu ikashinda. Tarehe 15 Aprili 1947 akaingia uwanjani Brooklyn, katika timu kubwa. Baadhi ya wachezaji wenzake walikuwa wamejaribu kuandika barua ya kumkataa. Katika mwezi ule ule watu wa timu ya Philadelphia walimtukana vibaya sana. Barua za kumtisha kwamba atauawa zikamfikia. Robinson akaumia moyoni, lakini akaishika ahadi yake. Mwisho wa mwaka alikuwa ameiba vituo 29, timu yake ikashinda sehemu yake ya mashindano, na yeye akapewa heshima ya mchezaji mpya aliye bora.

Dixie Walker, mchezaji mashuhuri kutoka upande wa kusini, alikuwa ameomba kwa barua aondolewe. Rickey hakumfukuza kwa hasira. Alingoja miezi ya baridi. Katika Desemba 1947 akampeleka Pittsburgh pamoja na wenzake wawili, akapokea wachezaji watatu, na wawili kati yao walisaidia Brooklyn kushinda kwa miaka mingi. Baadaye Walker mwenyewe alijuta. Nyuma ya Robinson wakaingia Roy Campanella na Don Newcombe, weusi pia, na timu nyingine zikafuata.

Hata tendo hili jema lilikuwa na doa. Robinson alitolewa katika timu ya watu weusi ya Kansas City, na Rickey hakuilipa timu ile kitu. Timu za watu weusi zilipoteza wachezaji wao bora, zikadhoofika, zikafa. Mlango ulifunguliwa, lakini waliokuwa wamejenga nyumba yao nje ya mlango ule walipata hasara.

MWISHO WAKE

Mwaka 1950 Rickey aliondoka Brooklyn, akaenda Pittsburgh. Huko timu yake ilishindwa mwaka hata mwaka. Lakini katika Novemba 1954 ilimchukua kutoka timu ndogo ya Brooklyn kijana mmoja wa Puerto Rico, Roberto Clemente, kwa dola 4,000. Mwaka 1960 Pittsburgh ilipata ubingwa, na Rickey alikuwa amekwisha kuondoka. Mwingine alivuna alichopanda yeye.

Jioni ya tarehe 13 Novemba 1965, katika mji wa Columbia, jimbo la Missouri, alikuwa akiwahutubia watu juu ya ujasiri. Katikati ya maneno yake akaanguka. Hakupata tena nguvu, akafa tarehe 9 Desemba, umri wake miaka 83. Robinson alikuja kumzika, akimlilia kama mwana amliliavyo baba.

Mkatekumeni afikiriaye maisha haya aona jambo moja wazi. Watu wengi wa nchi ile walisali siku ya Dominika, nao walikuwa wenyeji wa viwanja vile vile vilivyomfungia mtu mweusi mlango. Sala zao hazikufika mpaka Jumatatu. Sala ya Rickey ilikawia njiani miaka arobaini, lakini ilifika. Ahadi ndogo aliyompa mama yake ilimzoeza kupoteza faida kwa ajili ya neno alilolitoa. Na aliyezoea kushika neno dogo, saa ya neno kubwa ilipofika, mkono wake haukutetemeka. Naye atakayeinama siku moja kupokea maji ya Ubatizo atatoa ahadi mbele ya Kanisa zima. Ahadi ile haitapimwa kanisani tu, bali shambani, sokoni, na mbele ya jirani ambaye wengine wamemfungia mlango.