Jon Postel, mtunza daftari la intaneti

Kazi yangu ni ya mitandao. Nazunguka baina ya Diani, Ukunda na Msambweni nikiunganisha hoteli, maduka na shule, na swali ninaloulizwa kuliko yote si la kasi wala la bei ya bando. Ni la umiliki. Mtu amelipia tovuti, jina la biashara yake liko pale juu na mwisho wake ni .co.ke, kisha kijana aliyemtengenezea akahamia mji mwingine au wakakosana, na mwenye biashara anagundua kuwa jina si lake, liliandikishwa kwa jina la fundi. Kuna kikundi cha kina mama upande wa Msambweni kilichopoteza jina namna hiyo, na barua pepe zote za wateja zikaenda nalo. Ninaposema kwamba jina la intaneti hushikwa kwa amana, na kwamba kanuni hiyo iliandikwa na mtu, watu hutaka kujua ni nani huyo. Basi leo nawaletea habari zake. Ni Mmarekani, amefariki tangu 1998, na kazi yake twaitumia kila tunapofungua simu.

Jonathan Bruce Postel alizaliwa tarehe 6 Agosti 1943 huko Altadena, California. Shule ya sekondari alisoma Van Nuys, walikosoma pia Vint Cerf na Steve Crocker, watu wawili ambao majina yao utayakuta katika kila historia ya intaneti. Kisha akaingia Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, akapata shahada ya kwanza mwaka 1966, ya pili 1968, na udaktari wa sayansi ya kompyuta mwaka 1974.

Alikuwa pale pahali pafaapo, wakati ufaao. Mwaka 1969 chuo hicho ndicho kilichokuwa cha kwanza kuunganishwa na ARPANET, mtandao uliogharamiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Usiku wa tarehe 29 Oktoba mwaka huo wakajaribu kuingia kutoka kompyuta yao hadi ya taasisi ya utafiti ya Stanford. Zikafika herufi mbili tu, mtambo wa upande wa pili ukaanguka. Walirekebisha wakaendelea. Waliofanya kazi hii wengi wao walikuwa wanafunzi wenye ndevu, na Postel alijulikana kwa ndevu zake ndefu. Zilimfika kifuani, na miguuni alipenda makubadhi hata kwenye mikutano ya wakubwa waliovaa suti na tai.

Wanafunzi hao hawakuwa na bosi wa kuwaamulia jinsi mashine zitakavyozungumza. Steve Crocker akaanzisha mwezi Aprili 1969 mfululizo wa nyaraka alizozipa jina la unyenyekevu, Ombi la Maoni, kwa kifupi RFC. Yaani mimi nimefikiri hivi, nanyi semeni. Postel ndiye aliyekuwa mhariri wa nyaraka hizo kwa karibu miaka 30. Alipofariki zilikuwa zimepita 2,400. Alizisoma, akazisahihisha, akazirudisha kwa wenyewe zikiwa hazieleweki. Uhariri ni kazi isiyoonekana, lakini bila yeye kila chuo kingekuwa na lahaja yake na mitandao isingesikilizana.

Kazi yake ya pili ilikuwa ndogo zaidi kwa kuitazama. Alitunza daftari.

Nieleze kidogo hapa. Kompyuta iliyo kwenye mtandao ni kama nyumba ya Kiswahili: ukipita mlango wa mbele uko ukumbini, na pande zote mbili kuna vyumba, kila kimoja na mwenyewe. Barua pepe zabisha chumba namba 25, anayeuliza jina la mashine namba 53, kurasa za tovuti 80. Huduma mbili zikidai chumba kimoja, ni ugomvi. Lazima awepo mtu mmoja wa kuandika nani yuko wapi. Mwezi Mei 1972 Postel aliandika kwamba anahitajika mtu mmoja wa kugawa namba hizo, na nusu kwa mzaha akajitaja mwenyewe. Hakuna aliyepinga. Akashika kalamu, na hakuiweka chini tena. Kuanzia 1977 alifanya kazi hiyo akiwa katika Taasisi ya Sayansi za Habari ya Chuo Kikuu cha Southern California, huko Marina del Rey, baadaye pamoja na Joyce Reynolds, mwanamke ambaye jina lake halitajwi vya kutosha. Ofisi ile ikaja kuitwa IANA. Kwa muda mrefu ilikuwa ni wao na wasaidizi wachache tu.

Mfano ninaoupenda ni wa chumba namba 22. Mwaka 1995 kijana wa Kifini, Tatu Ylönen, alikuta chuo chake cha Helsinki kimevamiwa: mtu ametega programu ya kunasa maneno ya siri yanayopita kwenye waya. Wakati huo msimamizi wa mashine za Unix aliingia kwa telnet, mlango namba 23, na neno lake la siri lilisafiri uchi. Yeyote aliye njiani aliliona. Ylönen akaandika programu ya kusimba mazungumzo yote, SSH, akaiandikia IANA barua pepe akiomba namba 22, jirani ya telnet. Siku ya pili Joyce Reynolds akamjibu kwamba amepewa. Hakuna ada, hakuna kamati, hakuna chai. Mimi usiku seva ikilia hotelini Diani, naingia nikiwa nyumbani Ukunda kwa kupitia mlango huo huo.

Septemba 1981 zilitoka nyaraka tatu alizozihariri Postel, zinazoeleza itifaki za TCP na IP, yaani namna ya kukata ujumbe vipande, kuupeleka na kuuunga tena. Tarehe 1 Januari 1983 ARPANET ikahamia huko, kwa mpango aliouandika yeye. Agosti 1982 alitoa ule wa barua pepe, SMTP. Katika kazi hizo aliweka kanuni moja iliyobeba jina lake: mashine iwe kali kwa inachokitoa na mpole kwa inachokipokea. Ni adabu ya mgeni na mwenyeji. Wewe sema vizuri, na mwenzio akikosea kidogo msitiri.

Kwa intaneti ya watu waliojuana, ilifaa sana. Lakini mimi nimo kwenye kazi ya ulinzi wa mitandao, na sitasema kwamba upole ule haukutugharimu. Barua pepe ya Postel haikuuliza mtumaji ni nani hasa. Ukiandika kwamba wewe ni meneja wa benki, seva iliamini ikapeleka. Haya yote tunayoyaongeza leo kwenye seva za barua, rekodi za kuthibitisha mtumaji na saini za kidijitali, ni viraka juu ya kanzu ile. Mwenyewe hakuwa kipofu: mwaka 1975, kabla neno spamu halijajulikana, aliandika juu ya tatizo la barua taka na kwamba mashine haina njia ya kumkataa anayeisumbua. Novemba 1988 mdudu aliyeandikwa na mwanafunzi mmoja wa Marekani aliangusha maelfu ya mashine za Unix akipitia, pamoja na njia nyingine, programu ya barua pepe. Tangu siku hiyo kila mtu alianza kufunga milango.

Jambo ambalo hatuna budi kumshukuru ni kwamba nyaraka zile zilikuwa bure. Unix yenyewe ilikuwa mali ya AT&T na msimbo wake ulitaka leseni. Wataalamu wa Berkeley walipoingiza TCP/IP ndani ya Unix yao mwaka 1983, aliyeitaka sharti kwanza awe na leseni ya AT&T. Lakini maelezo ya TCP/IP hayakuwa ya kampuni yoyote. Kwa hiyo Juni 1989 Berkeley waliweza kuichomoa sehemu ya mtandao, waliyoiandika wenyewe, na kuitoa kwa yeyote kwa masharti mepesi. Linux nayo, iliyoanza 1991, ilijenga ya kwake kwa kusoma nyaraka zile zile. Ile ruta ndogo inayowaka taa nyuma ya kaunta ya duka Ukunda, mara nyingi ndani yake ni Linux, na hakuna aliyelipa hata senti kwa haki ya kuzungumza TCP/IP.

Sasa tuje kwenye majina. Mwaka 1983 Paul Mockapetris, aliyefanya kazi na Postel, alibuni mfumo wa majina badala ya namba. Mwaka uliofuata Postel na Reynolds wakapanga mikia yake: com, edu, gov, mil, org, na herufi mbili kwa kila nchi. Hapo ndipo alipoonyesha busara. Nani ataamua ipi ni nchi na ipi si nchi? Alikataa mzigo huo, akachukua orodha ya kimataifa ya ISO iliyokuwapo tayari. Kilichomo kinapewa mkia, kisichokuwamo hakipewi, nendeni mkagombane na wenye orodha. Ndiyo maana Komoro wana .km yao, na Zanzibar, pamoja na historia yake yote, iko ndani ya .tz. (Waingereza walikuwa wamejichukulia .uk, ingawa kwenye orodha wao ni GB. Mkubwa hakosi njia.)

Yetu, .ke, iliandikishwa 1993. Hapa nyumbani alisimamia Dkt. Shem Ochuodho, na kiufundi Randy Bush, aliyekuwa Marekani, jimbo la Oregon. Walijitolea. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 usimamizi ukahamia KeNIC, shirika la Kenya linaloendesha .co.ke, .or.ke, .go.ke na wenzake mpaka leo.

Mwezi Machi 1994 Postel alitoa waraka namba 1591, na huu ndio ninaowatajia watu wa Msambweni. Alisema anayeshika mkia wa nchi ni mdhamini, anaushika kwa niaba ya watu wa nchi ile na ya watumiaji wote wa intaneti duniani. Madai ya umiliki aliyaona hayana mahali. La kuuliza ni wajibu na huduma. Mtu wa Pwani haitaji tafsiri ya hilo. Tunajua wakfu, na tunajua mutawalli kazi yake ni kutunza, hauzi. Wazee wa Kaya Kinondo wanaujua msitu ule kwa miti yake, wanakufunga kaniki kiunoni kabla hujaingia, na hakuna kati yao atakayekuambia msitu ni wake. Tunajua pia kinyume chake. Ufuoni Diani kuna watu waliozaliwa juu ya ardhi ambayo hati yake ina jina la mtu wasiyemfahamu. Jina la tovuti linapotea kwa njia hiyo hiyo: aliyetumwa kuandikisha anajiandika yeye. Sajili ina nafasi ya mwenye jina na nafasi ya fundi, na ni nafasi mbili tofauti. Dai ya kwanza iwe na jina lako na barua pepe unayoifungua wewe, kabla hujalipa.

Amana ilimletea Postel mwenyewe mtihani. Septemba 1995 kampuni ya Network Solutions, iliyoandikisha majina ya .com kwa mkataba wa serikali ya Marekani, ilianza kutoza dola 50 kwa mwaka kwa kile kilichokuwa bure. Pesa zikaingia, na mawakili wakafuata. Kila mtu akataka kujua daftari ni la nani. Tarehe 28 Januari 1998 Postel aliwaandikia waendeshaji 8 kati ya 12 wa seva kuu za majina, wale wasio chini ya serikali, akawaomba wachukue orodha kutoka kwenye mashine ya ofisi yake badala ya ile ya Network Solutions. Wote wakatii. Intaneti haikutikisika, hakuna mtumiaji aliyejua. Ikulu ya Marekani ilijua. Ira Magaziner, mshauri wa Rais Clinton, alitaka irudishwe haraka, na Postel akairudisha, akisema lilikuwa jaribio tu. Wapo wanaoamini kauli hiyo. Mimi naona alitaka kuonyesha kwamba mfumo mzima ulisimama juu ya watu kumwamini mtu, na alionyesha. Siku mbili baadaye serikali ilitoa pendekezo lake la jinsi majina yatakavyosimamiwa.

Miezi ile iliyobaki aliitumia kujenga chombo cha kurithi daftari, ICANN, kilichoundwa Septemba 1998. Hakukiona kikifanya kazi. Moyo wake ulikuwa umepasuliwa mara moja mwaka 1991 kwa sababu ya vali. Ukapasuliwa tena, na tarehe 16 Oktoba 1998, Los Angeles, akafariki. Alikuwa na miaka 55.

Vint Cerf, mwenzake wa tangu shuleni, aliandika tanzia na ikachapishwa katika mfululizo ule ule alioulea marehemu, namba 2468. Jumuiya ya Intaneti, ambayo yeye alikuwa mwanachama wake wa kwanza wa binafsi, ilianzisha tuzo kwa jina lake. Mwaka 2007 ilikwenda kwa Nii Quaynor wa Ghana, kwa kazi ya kuieneza intaneti Afrika. Na daftari bado liko wazi kwa yeyote kulisoma. Ukifungua ukurasa wa .ke utaona mdhamini wa sasa ni KeNIC, na chini kabisa tarehe ya kuandikishwa: 29 Aprili 1993.