Bibi Rosalind Franklin

Bibi Rosalind Franklin alizaliwa London mwaka 1920, akasoma Chuo Kikuu cha Cambridge. Huko Paris alijifunza kuchunguza vitu kwa eksirei. Mwaka 1952, yeye na mwanafunzi wake Gosling walipata picha safi ya DNA, ambayo hubeba urithi wa viumbe. Watson alionyeshwa picha hiyo bila Bibi huyo kujua. Ikamsaidia yeye na Crick kutambua, mwaka 1953, kuwa DNA ni kama ngazi iliyosokotwa: ikipasuliwa, kila nusu hujengewa nusu mpya, ngazi zikawa mbili.

Bibi Franklin alifariki mwaka 1958, umri wake miaka 37. Zawadi ya Nobel ya 1962 walipewa wanaume watatu. Wanafunzi wenzangu, tusisahau kuwataja waliotusaidia.