Goodyear: aliyeufanya mpira udumu, akafa na madeni

Lori la mahindi likivuka mpaka, huenda tairi lake limeandikwa Goodyear. Wafanyabiashara wengi niliozungumza nao hudhani mwenye jina hilo alikuwa tajiri wa kiwanda. La hasha.

Charles Goodyear alizaliwa New Haven, Marekani, tarehe 29 Desemba 1800. Biashara ya vyuma aliyoshirikiana na baba yake ilifilisika, na gereza la wadaiwa likawa kama nyumba yake ya pili. Humo humo gerezani akaanza kukanda mpira. Zama hizo mpira uliyeyuka na kunuka wakati wa joto, na wakati wa baridi ukakakamaa na kupasuka. Aliuchanganya na magnesia, chokaa, asidi ya naitriki. Serikali ilimwagiza mifuko ya barua. Joto likaiharibu yote.

Nyumbani njaa ilipiga hodi. Aliuza vyombo, kisha vitabu vya shule vya wanawe. Hapo mimi mwalimu, niliyesoma ukimbizini kitabu kimoja tukikigombania watoto kumi, nashindwa kumsamehe.

Mwaka 1839, huko Woburn, mpira uliochanganywa na salfa uligusa jiko la moto. Haukuyeyuka. Wazo la salfa alilipata kwa Nathaniel Hayward, akalinunua. La moto lilikuwa lake. Siri ni hii: mpira ni nyuzi ndefu zinazoteleza, salfa ikipata moto huzifunga vifundo mfano wa wavu wa mvuvi. Ukiuvuta, hurudi.

Alipata hataza mwaka 1844. Wezi wa ujuzi hawakukosekana, na mwaka 1852 mwanasheria mashuhuri Daniel Webster alimshindia kesi kubwa. Madeni hayakuisha. Mwaka 1855 Ufaransa ilimtunukia nishani akiwa kifungoni Paris kwa deni. Alifariki New York tarehe 1 Julai 1860, akiacha deni la dola zipatazo 200,000. Kampuni ya matairi iliundwa mwaka 1898. Iliazima jina tu, wala haikuwa ya jamaa zake. Wakati huo Kongo ya Leopold ilikuwa ikiulipia mpira kwa damu ya watu.

Lakini salfa peke yake haitoshi barabarani. Mwanzoni mwa karne ya 20 huko London iligunduliwa kwamba masizi laini huufanya mpira ustahimili msuguano. Chembe zake hupimwa kwa nanomita, yaani sehemu ya bilioni moja ya mita. Wahandisi wa leo wanaotengeneza nanokompositi za polima wana babu yao katika tairi jeusi.

Ndiyo maana katambuga tulizovaa kambini Kigoma zilidumu kuliko kiatu chochote cha duka. Na kwa kuwa vifundo vya salfa havifunguki kirahisi, tairi kuukuu haliyeyushwi likafinyangwa upya kama beseni la plastiki. Hukatwa, likawa soli au kamba ya kufungia magunia kwenye baiskeli.