Ranganathan: Mwalimu wa hesabu aliyeikimbia maktaba, akaja kuwa baba wa wakutubi

Na Mwandishi Wetu, Mpanda

JANUARI 1924, mwalimu wa hesabu mwenye umri wa miaka 31 alikabidhiwa maktaba ya Chuo Kikuu cha Madras, kusini mwa India. Hakuwa amesomea ukutubi hata siku moja. Muda mfupi baadaye alirudi kwa wakuu wake kuomba arejeshwe darasani, kwani ukimya wa mahali pale na uchache wa wasomaji ulikuwa umemshinda.

Wakuu hao hawakumkatalia moja kwa moja, wala hawakumwachia aondoke. Walimtaka kwanza aende Uingereza kujifunza kazi hiyo. Akirudi na bado haipendi, nafasi yake ya ualimu ingekuwa inamngoja.

Mwalimu huyo aliitwa Shiyali Ramamrita Ranganathan. Hakurudi tena kufundisha hesabu. Hadi alipofariki dunia Septemba 27, 1972, wakutubi wa mataifa mengi walikuwa wakimhesabu kuwa mmoja wa waasisi wa taaluma yao.

Kwa mkazi wa kawaida wa Majengo, mjini Mpanda, huenda jina hilo ni geni. Hata hivyo, kijana wa Majengo akipata nafasi katika Kampasi ya Mizengo Pinda ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) mkoani Katavi, au katika chuo kingine chochote nchini, na akaruhusiwa kupita mwenyewe kati ya rafu na kuchagua kitabu, atakuwa anafaidi jambo ambalo Ranganathan alilipigania maisha yake yote.

Alizaliwa mwaka 1892 huko Shiyali, katika eneo ambalo leo ni jimbo la Tamil Nadu. Baba yake alifariki dunia yeye akiwa mtoto wa miaka sita. Alisoma hesabu katika Chuo cha Kikristo cha Madras hadi shahada ya uzamili, akasomea ualimu, kisha akafundisha katika vyuo vya serikali. Alikuwa na kigugumizi, lakini alijitahidi kukishinda hadi akawa mwalimu anayependwa.

Ualimu haukuwa na mshahara mnono. Nafasi ya mkutubi ilipotangazwa ikiwa na malipo mazuri zaidi, aliomba pamoja na mamia ya watu wengine. Inasimuliwa kwamba alichokijua kuhusu maktaba siku ya usaili ni kile alichokisoma katika ensaiklopidia muda mfupi kabla ya kuitwa ndani.

Akiwa London, alijiunga na Shule ya Ukutubi ya University College, ambako mmoja wa walimu wake alikuwa W. C. Berwick Sayers, mkuu wa maktaba za mji wa Croydon. Aidha, alizunguka katika maktaba nyingi za Uingereza kuona kazi kwa macho yake. Huko aliwakuta watoto, akina mama na wafanyakazi wa viwandani wakihudumiwa sawa na wasomi. Maktaba aliyoiacha Madras ilikuwa imefungiwa watu wengi kiasi hicho.

Siku moja, katika duka kubwa la Selfridges, aliona vifaa vya kuchezea vya watoto vilivyotengenezwa kwa vipande vya chuma vyenye matundu. Kwa vipande vilevile mtu aliweza kuunda gari, kisha akavifungua na kuunda daraja. Hapo lilimjia wazo kwamba somo la kitabu nalo laweza kuvunjwa katika vipande na kuungwa upya.

Kwa mfano, kitabu kinachohusu tiba ya ugonjwa wa mpunga mkoani Katavi mwaka 2015 kina zao, ugonjwa, tiba, mahali na wakati. Ranganathan alikipa kila kipande alama yake, na alama hizo zikiunganishwa zinaonyesha mahali kitabu kinapostahili kukaa. Mfumo huo aliuchapisha mwaka 1933. Ni kweli kwamba nje ya India ni maktaba chache zilizoutumia, na mfumo wa Mmarekani Melvil Dewey ndio uliobaki na nguvu. Hata hivyo, fikra yake ya kuvunja somo katika vipande iliathiri sana namna taarifa zinavyopangwa.

Aliporejea Madras mwaka 1925, alifungua rafu kwa wasomaji, akaongeza saa za huduma na kuweka watumishi wa kuwasaidia wanaotafuta vitabu. Mwaka 1931 alitoa kitabu chake cha kanuni tano za elimu ya maktaba. Kwa ufupi, kinafundisha kwamba kitabu kimewekwa ili kisomwe, kwamba kila mtu na kila kitabu wana haki ya kukutanishwa, kwamba muda wa msomaji usipotezwe, na kwamba maktaba ni kiumbe kinachokua.

Mwaka huohuo, katika wilaya ya Mannargudi, vitabu vilianza kupelekwa vijijini kwa mkokoteni wa kukokotwa na ng'ombe, mpango uliofungamana na harakati zake.

Lakini kazi aliyoijali kuliko zote ilikuwa kuwaelimisha wakutubi wenyewe. Mwaka 1929, kupitia Chama cha Maktaba cha Madras, alianzisha mafunzo ya muda mfupi kwa watu waliokuwa tayari kazini. Miaka miwili baadaye chuo kikuu kikayachukua, na mwaka 1937 yakawa stashahada ya uzamili ya mwaka mzima.

Alikuwa mtu mgumu. Inaelezwa kwamba kwa takriban miaka 20 hakuchukua likizo, na kwamba hata siku ya ndoa yake alirudi kazini baada ya sherehe. Aliondoka Madras katikati ya miaka ya 1940 kufuatia kutoelewana na uongozi, akafanya kazi Banaras kisha Delhi. Mwaka 1956 alikitolea chuo kilekile alichokiacha kwa uchungu rupia 100,000 za akiba yake, ili kianzishe nafasi ya profesa wa elimu ya maktaba kwa jina la mkewe, Sarada. Mwaka 1962 alianzisha kituo cha utafiti na mafunzo mjini Bangalore.

Wakati huo Afrika Mashariki nayo ilikuwa inaamka. Mwaka 1963 Shule ya Ukutubi ya Afrika Mashariki ilianza Makerere, Uganda, na mwaka huohuo Tanganyika ikatunga sheria ya huduma za maktaba. Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa Dar es Salaam Desemba 9, 1967. Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi wa Nyaraka cha Bagamoyo kilifuata mwaka 1989.

Bagamoyo iko mwambao wa Bahari ya Hindi, ng'ambo ya pili ya nchi kutoka Mpanda. Kwa mtumishi wa maktaba aliye Katavi, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012, kwenda masomoni kunahitaji nauli, ada, ruhusa ya mwajiri na mtu wa kushika nafasi yake. Gharama hizo ni rahisi kuziahirisha, kwa kuwa vitabu havilalamiki.

Madras nao wangeweza kuahirisha. Wangemrudisha mwalimu yule darasani, wakamweka mwingine ashike funguo, na hakuna ambaye angejua kilichopotea. Badala yake walimpeleka masomoni kwa muda usiotimia mwaka mmoja. Vizazi vya wakutubi waliofundishwa naye, na wasomaji waliofunguliwa rafu, vilitokana na ruhusa hiyo moja.