Daktari wa Mengo
Daktari Albert Cook alifika Uganda mwaka 1897 kwa miguu kutoka Mombasa. Reli ilikuwa haijafika. Akafungua hospitali Mengo, nyumba ya matete tu. Mwaka 1901 yeye na ndugu yake Jack walitambua malale pale, ugonjwa wa mbung'o ambao wazee wetu wa Lambwe waliujua vizuri. Mwaka 1902 radi ikateketeza hospitali kubwa waliyokuwa wameijenga. Si angerudi kwao? Wapi! Alijenga tena. Halafu yeye na mkewe Katharine, nesi, wakafundisha wenyeji kuwa wasaidizi wa daktari na wakunga. Alifariki 1951, lakini mikono aliyoifunza iliendelea kuzalisha akina mama. Ndugu yangu, wewe unachokijua, umemfundisha nani?