John Locke: Aliyeandika kuwa mtawala anaweza kuondolewa, akaficha jina lake

Leo ukisikia kwamba serikali inapata mamlaka kutoka kwa wananchi, unaona ni jambo la kawaida tu. Uingereza ya karne ya 17, maneno hayo yangeweza kukugharimu kichwa. John Locke alilijua hilo vizuri.

Alizaliwa Agosti 29, 1632 katika kijiji cha Wrington. Baba yake alipigana upande wa Bunge dhidi ya Mfalme Charles I. Mfalme huyo alipokatwa kichwa mwaka 1649, Locke alikuwa mwanafunzi wa shule ya Westminster, jirani tu na eneo la tukio.

Baadaye alisoma Oxford na kujikita kwenye utabibu. Mwaka 1668 alisimamia upasuaji wa ini wa mwanasiasa mzito, Lord Ashley. Mgonjwa akapona, na hakutaka tena kuachana na daktari wake. Nyumbani kwa bosi huyo ndiko Locke alikoivia siasa.

Mambo yaliharibika Ashley alipompinga mdogo wake Mfalme Charles II, James, asirithi kiti. Alikimbilia Uholanzi na kufia huko Januari 1683. Miezi michache baadaye Locke naye akatoroka. Desemba mwaka huo Algernon Sidney, aliyeandika mawazo yanayofanana na yake, alikatwa kichwa. Ushahidi mmojawapo? Maandishi yaliyokutwa nyumbani kwake.

Mwaka 1684 Mfalme aliamuru Locke afutwe Oxford. Huko Uholanzi ikabidi aishi kwa majina ya bandia.

James, aliyekuwa ameshapata ufalme, alipinduliwa 1688. Locke akarudi Februari 1689, na mwaka huohuo akachapisha kitabu chake kuhusu serikali, bila jina la mwandishi.

Hoja yake ilikuwa hii: watu wote huzaliwa huru na sawa, wakiwa na haki ya uhai, uhuru na mali. Wanakubaliana kuunda serikali ili izilinde haki hizo. Ikigeuka kuwavunjia, makubaliano yamekufa na wana haki ya kuiondoa. Ndiyo maana ya mkataba wa kijamii.

Marafiki walimuuliza kama kitabu ni chake, akakwepa. Alikiri mwaka 1704 tu, katika nyongeza ya wosia wake, wiki chache kabla ya kufariki Oktoba 28.

Mwaka 1776 mawazo yake yaliingia kwenye Azimio la Uhuru wa Marekani, lililoandikwa na Thomas Jefferson.

Lakini ana doa zito. Locke alikuwa na hisa katika Royal African Company, kampuni iliyouza Waafrika utumwani. Pia alishiriki kuandaa katiba ya koloni la Carolina ya mwaka 1669, iliyompa bwana mamlaka yote juu ya mtumwa wake.

Jefferson naye alimiliki watumwa. Katika mkataba ule, Mwafrika hakuulizwa chochote. Ilibidi aidai haki hiyo mwenyewe.